Unataka kununua trekta dogo lililotumika? Soma hii kabla hujatoa hela

 

Wakulima wenzangu wa Karatu, Ngorongoro na kwingineko, leo tuongee kuhusu trekta dogo lililotumika, yaani haya ya kuanzia HP 15 mpaka HP 50 hivi, ambalo kijana mwenye ekari zake chache anaweza kulinunua kwa hela ya mavuno mawili matatu mazuri. Swali hili naulizwa karibu kila wiki: "Afisa, nimepata trekta Arusha, bei nzuri, nichukue?" Nikiuliza ni trekta gani, jibu huwa ni rangi. "Ni la rangi ya chungwa, bado jipya kabisa."

Kabla sijaendelea niwape kisa kimoja. Kijana mmoja wa upande wa Rhotia alilima vitunguu Mang'ola kwa kukodi shamba, akabahatika bei ikawa nzuri. Akaenda Arusha, akaingia yadi, akanunua trekta dogo la Kijapani likiwa na rotaveta yake. Siku analileta nilikutana naye barabarani, nikampa mkono, nikampongeza. Sikumuuliza swali hata moja, na hilo ni kosa langu.

Mvua zilipoanza alikuwa na majirani tisa wameshamlipa kianzio. Siku ya tatu ya kazi rotaveta ikagoma kunyanyuka. Fundi akafungua, akakuta pampu ya haidroliki imekufa. Spea yenyewe ni kitu cha kubeba mkononi. Lakini Karatu haikuwepo, Arusha kila duka alilopita wanaangalia namba wanatikisa kichwa, na mwisho ikapatikana Dar es Salaam baada ya kupiga simu nyingi. Trekta lilisimama siku 19. Majirani wakadai hela zao, akarudisha. Mahindi yake mwenyewe akayapanda yamechelewa, na msimu ule mvua iliwahi kukata. Unaweza kumalizia mwenyewe.

Trekta lile halikuwa bovu. Bei haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba alinunua trekta bila kununua uhakika wa kulitengeneza. Kwa hiyo jambo kubwa ninalotaka ulishike leo ni hili: trekta lililotumika lazima liharibike, swali ni litasimama siku ngapi. Mengine yote ninayoandika hapa chini yanarudi hapo hapo.

1. Kwanza piga hesabu ya ekari

Chukua karatasi. Namba ninazotumia ni za mfano, wewe weka za kwako.

Tuseme trekta pamoja na rotaveta ni shilingi 14,000,000. Unategemea kulitumia miaka 7, kisha uliuze 5,000,000. Maana yake limekula 9,000,000 kwa miaka 7, sawa na kama 1,290,000 kwa mwaka. Ongeza matengenezo, tairi, betri na oili, tuseme 800,000 kwa mwaka. Jumla ni kama 2,100,000 kila mwaka, ulime usilime. Kama hela ni ya mkopo, riba ongeza juu yake.

Sasa kazi. Tuseme kuchanganya ekari moja kwa rotaveta unatoza 60,000. Dizeli lita 6 kwa 3,000 ni 18,000. Dereva 9,000. Grisi na oili 3,000. Hapo imetoka 30,000, unabaki na 30,000 kwa ekari.

Gawanya 2,100,000 kwa 30,000 unapata ekari 70. Hizo ndizo ekari unazotakiwa kulima kila mwaka ili urudi kwenye sifuri. Kama shamba lako ni ekari 6, nyingine 64 lazima zitoke kwa majirani. Na kama una ekari 6 tu na hutaki kulimia watu, kukodi kutakugharimu 360,000 kwa mwaka kwenye mfano huu huu. Kununua kwa ajili ya ekari 6 peke yake ni kujitafutia umaskini wenye honi.

Trekta la HP 20 lenye rotaveta ya upana wa mita 1.3 linafanya kama ekari 4 kwa siku kama dereva yuko makini na mashamba hayako mbalimbali. Ekari 70 ni kama siku 18 za kazi. Zinaonekana chache, lakini kumbuka trekta dogo haliwezi kuchana ardhi iliyokauka kama tofali. Linahitaji unyevu. Ukiondoa siku ambazo udongo ni mkavu mno na siku ambazo ni tope, unabaki na dirisha dogo sana. Na wateja wote wanakutaka ndani ya dirisha hilo hilo.

Ndiyo maana siku za kusimama zinauma. Ukipoteza siku 10 kwenye msimu umepoteza ekari 40, sawa na 1,200,000 mfukoni, na wateja wameshahamia kwa mwingine. Trekta la milioni 12 linalosimama siku 10 kila mwaka ni ghali kuliko la milioni 16 linalotengenezwa kesho yake.

Kama hesabu imegoma, usilazimishe. Maksai wawili waliofundishwa vizuri bado wanalima Karatu, na hawasubiri spea kutoka Dar. Au ungana na wenzako. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Muulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata utaratibu. Ila kikundi kiandike mapema nani analimiwa kwanza na nani analipia likiharibika, maana matrekta ya vikundi hufa kwa ugomvi kabla hayajafa injini.

2. Linganisha nguvu na udongo wako

Wilaya yetu siyo shamba moja. Mang'ola kule bonde la Eyasi ni tambarare, joto, vumbi, na vitunguu vya majaruba kwa maji ya mifereji. Rhotia na Mbulumbulu ni miteremko na udongo mwekundu mzito. Na mashamba mengi ya juu yaliyolimwa kwa plau la sahani mwaka baada ya mwaka yana tabaka gumu chini, kama sentimita 15 mpaka 20 kutoka juu. Kwa Ngorongoro, ndani ya Hifadhi kilimo hakiruhusiwi, kwa hiyo nikisema wakulima wa Ngorongoro namaanisha nyie wa upande wa Loliondo na Sale.

Sasa angalia:

- HP 15 hadi 25 (yale madogo ya Kijapani): yanafaa rotaveta, trela dogo, na kazi za bustani kama Mang'ola. Usiyafungie plau la sahani 3. Litavuta siku mbili, ya tatu klachi inanuka.
- HP 40 hadi 50 (mfano Massey Ferguson 135 au 240): plau la sahani 2 linabeba vizuri, trela la mazao linavuta, ripa ya meno mawili inawezekana.
- HP 60 kwenda juu: hapo ndipo plau la sahani 3 linaanza kustarehe. Hilo sio trekta dogo tena, ni mada nyingine.

Kitu ambacho wauzaji hawakuambii ni mwinuko. Mji wa Karatu uko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Injini za kawaida za matrekta haya ya zamani hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa hiyo HP 20 iliyoandikwa kwenye boneti, huku kwetu ni kama 17. Bado hujatoa uchovu wa injini yenyewe. Ukikadiria unahitaji HP 20, tafuta 25.

Na kama tatizo lako ni tabaka gumu, rotaveta haitalitibu. Inachanganya juu tu, na ukiitumia kila msimu kwa kina kile kile inaongeza tabaka lake. Hapo unahitaji ripa. Wazee wanaukumbuka mradi wa kilimo hifadhi wa CA-SARD miaka ya 2000, Karatu ikiwa moja ya wilaya zake; somo la kuchana tabaka gumu badala ya kugeuza udongo lilifundishwa hapa hapa nyumbani. Ripa moja ya kuvutwa na maksai inaweza kukusaidia kuliko trekta la HP 18.

3. Yapo makundi mawili sokoni, na spea zake hazifanani

*Kundi la kwanza ni madogo ya Kijapani*: Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura na wenzao. Injini zake ni ngumu na zinakunywa dizeli kidogo. Mengi yametoka kwenye mashamba ya mpunga Japani, yamefanya kazi masaa machache kwa mwaka, ndiyo maana yanaonekana mapya.

Lakini shika mambo matatu. Moja, mengi ni modeli zilizotengenezwa kwa soko la ndani la Japani. Maandishi ni ya Kijapani, na modeli hiyo inaweza isiwemo kwenye vitabu vya spea vya nje ya Japani hata kama kampuni ni maarufu. Unasikia "spea za Kubota zipo", kumbe zipo za modeli nyingine. Mbili, limefanya kazi kwenye tope, kwa hiyo sili za ekseli ya mbele ndizo za kwanza kuchoka. Tatu, mengine yana tairi za meno marefu za mpunga, ambazo kwenye barabara zetu za changarawe zinaisha haraka, na saizi zake kuzipata ni kazi.

Rotaveta nayo mara nyingi imefungwa kwa mtindo wa kampuni yake. Kama unanunua la Kijapani, nunua pamoja na rotaveta iliyokuja nalo. Usiambiwe "utatafuta baadaye".

*Kundi la pili ni Massey Ferguson na Ford za zamani.* MF 135 ilitengenezwa kuanzia 1964 hadi 1975, ina injini ya Perkins ya silinda 3, kama HP 45. Ni babu, ndiyo. Lakini karibu kila fundi wa trekta kaskazini hii amewahi kuifungua, na spea zake zimejaa kwa sababu ndugu zake waliendelea kuundwa nchi nyingine miaka mingi. Pakistani, kwa mfano, kampuni ya Millat imeunda MF 240 kwa muda mrefu. Ubaya wake ni kwamba limefanya kazi kweli kweli kwa miaka mingi na wamiliki wengi, na kuna spea feki nyingi. Zaidi, halina nguvu kwenye magurudumu ya mbele kama yalivyo mengi ya Kijapani.

Lipi bora? Sikupi jibu la jumla, nakupa kipimo. Kabla hujalipa, fanya jaribio la spea tano. Andika modeli na namba ya injini kwenye karatasi, kisha ingia maduka mawili matatu Karatu na Arusha, au piga simu, uulize vitu hivi: sahani ya klachi, pampu ya haidroliki au sili zake, pampu ya maji, gasketi ya silinda hedi, na tairi ya mbele. Kwa kila kimoja uliza: ipo sasa hivi? bei gani? kama haipo, inachukua siku ngapi?

Kama vinne kati ya vitano unavipata ndani ya siku mbili, endelea. Kama vitatu hakuna anayevijua, achana nalo hata likiwa linang'aa vipi. Kutoka Karatu mpaka Arusha ni kama kilomita 140 za lami, spea inapanda basi asubuhi mchana unayo. Ukiwa Mang'ola ongeza safari ya vumbi. Ukiwa Loliondo ongeza siku nzima au zaidi. Kadiri ulivyo mbali, ndivyo unavyotakiwa kuchagua modeli ya kawaida zaidi.

Na fundi vilevile. Muulize kabla: "Modeli hii umewahi kuifungua?" Fundi mkweli atakwambia hapana.

4. Siku ya kwenda kukagua

Nenda na fundi wako, mlipe siku yake. Usitumie fundi wa yadi wala wa dalali. Mwambie muuzaji asiliwashe mpaka ufike, na fika asubuhi.

*Kabla ya kuwasha:*
- Gusa injini. Kama ni ya moto, wameshaliwasha ili kuficha shida ya kuwaka likiwa baridi. Rudi kesho.
- Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa au chai ya maziwa maana yake maji yameingia.
- Fungua rejeta. Ukiona utando wa mafuta juu ya maji, simama hapo hapo.
- Kagua bodi ya klachi na gia kama ina ufa uliochomelewa. Trekta hili halina fremu kama gari; hiyo bodi ndiyo uti wa mgongo.
- Shika gurudumu la mbele lilitikise. Likicheza sana, kingpini na bushi zimekwisha. Angalia kama oili inavuja kwenye ekseli ya mbele.
- Rangi mpya juu ya grisi kavu inakuambia limepakwa kwa ajili yako.
- Soma mita ya masaa, halafu iulize pedali. Mita inasema masaa 800 lakini mpira wa pedali umeisha mpaka chuma kinang'aa na tundu la kufungia trela limepanuka? Pedali ndiyo inayosema ukweli.

*Ukiwasha:*
- Moshi mweupe kidogo asubuhi ni sawa, usipokata baada ya dakika chache ni shida. Moshi wa bluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweusi likiwa na mzigo mdogo unaweza kuwa chujio la hewa limeziba tu, au nozo, au pampu ya dizeli. Nozo na pampu sio hela ndogo.
- Injini ikiwa inaunguruma, legeza kifuniko cha kujazia oili. Kama kinarushwa juu na mvuke unapuliza kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka.
- Liache liunguruma nusu saa na liendeshwe. Trekta linalochemsha huwa halichemshi dakika tano za kwanza, na wauzaji wanalijua hilo.

*Likiwa kazini:*
- Weka gia kubwa, kanyaga breki, achia klachi taratibu. Injini inatakiwa kuzimika. Kama inaendelea kuunguruma na trekta limesimama, klachi inateleza.
- Pitia gia zote, mbele na nyuma, likiwa na mzigo. Gia inayoruka yenyewe ni kazi ya kufungua trekta zima.
- Nyanyua rotaveta au plau, zima injini, kunywa chai. Kushuka pole pole sana kwa robo saa unaweza kuvumilia. Kushuka palepale maana yake mfumo wa haidroliki umechoka. Kijana wangu wa Rhotia angefanya hili jambo moja tu, kisa chake kisingekuwepo.
- Zungusha shafti ya nyuma inayoendesha zana, ile mafundi wanaiita PTO. Sikiliza mlio, angalia kama inatikisika.
- Omba ulime robo ekari. Muuzaji akikataa kabisa kulijaribu kwenye udongo, ameshakujibu.

Kasoro sio lazima zikufukuze. Kila kasoro iandike na bei yake ya kutengeneza, jumlisha, toa kwenye bei anayotaka. Hayo ndiyo mazungumzo, kuliko kusema "punguza kidogo mzee".

5. Karatasi

Hapa vijana wengi wanalegea, hasa wakinunua kwa mtu anayefahamika.

Omba kadi halisi ya usajili, nakala haitoshi. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizogongwa kwenye chuma. Kama zimekwanguliwa au zimechomelewa upya, ondoka. Uliza wazi kama trekta limewekwa dhamana ya mkopo. Kadi "iko benki" maana yake trekta bado sio la kuuzwa. Kama ni la yadi na halijasajiliwa, uone hati za forodha na ujue nani analipia usajili. Kisha fanyeni mkataba wa mauziano wenye mashahidi, lipa kupitia benki ibaki kumbukumbu, na ubadilishe umiliki TRA bila kuchelewa. Trekta lenye jina la mtu mwingine, siku mwenye jina akifariki au akidaiwa, utaelezea mpaka uchoke.

6. Usimalize hela yote kwenye bei

Kama una milioni 14, tafuta trekta la milioni 11 au 12. Hiyo inayobaki ni sehemu ya bei, sema tu hulipi kwa muuzaji. Inaenda hivi:

- Sevisi kamili siku ya kwanza: oili ya injini, oili ya gia na haidroliki, machujio yote, mkanda wa feni. Usiamini aliyekuambia "nimemwaga oili juzi".
- Kusafirisha. Usiliendeshe kutoka Arusha mpaka Karatu. Lipandishe kwenye lori.
- Sanduku la msimu: machujio mawili ya dizeli, mkanda wa feni, sili za haidroliki, visu na bolti za rotaveta, mpira wa ndani wa tairi, lita 5 za oili. Hivi ndivyo vitu vinavyosimamisha trekta mara nyingi, na vyote vinaingia kwenye boksi moja chini ya kitanda.

7. Likishafika nyumbani

*Vumbi.* Mang'ola vumbi lake ni laini kama unga. Likipita kwenye chujio linasaga silinda. Msimu wa kazi chujio la hewa liangaliwe kila siku. Kama ni lile la oili kama la MF za zamani, ukikuta tope chini mwaga, osha, weka oili mpya. Puliza na rejeta, vumbi na makapi yanaiziba.

*Maji.* Usijaze rejeta maji ya chumvi au ya magadi kwa sababu tu yako karibu. Yanaacha magamba ndani na trekta linaanza kuchemsha. Tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi, hata ya mvua uliyokinga kwenye bati.

*Mteremko.* Hapa naomba mnisikilize. Matrekta mengi haya hayana fremu ya kumkinga dereva likipinduka, na yale madogo ni membamba. Kuwa na nguvu magurudumu yote manne kunasaidia kupanda, hakuzuii kupinduka. Kwenye miteremko ya Mbulumbulu na Rhotia limeni kwa kufuata kontua pale tu mteremko unaporuhusu, panueni magurudumu kama trekta linakubali, na pale panapowatia wasiwasi waachieni maksai. Mzigo fungeni kwenye ndoano ya chini, kamwe msifunge mnyororo juu ya ekseli, maana pua inanyanyuka na trekta linamwangukia dereva kwa nyuma. Kabla ya kuingia barabarani fungeni pedali mbili za breki ziwe moja. Shafti ya PTO iwe na kifuniko, na asiwepo mtu mwenye shuka au kanga inayopepea karibu nayo. Mtoto asipande kwenye madigadi hata akilia.

*Daftari.* Andika kila siku: masaa, ekari, dizeli, hela iliyoingia, kilichoharibika, siku ngapi limesimama. Mwisho wa msimu daftari litakuambia kama trekta linakulisha au unalilisha.

Kwa wale wanaotaka ushauri wa zana, kuna CAMARTEC pale Arusha, taasisi ya serikali inayoshughulika na zana za kilimo. Sisi maafisa ugani wa kata nao tupo. Tuiteni kabla ya kulipa, tusije tu kupongeza kama nilivyofanya mimi.

Na yule kijana? Trekta bado analo. Baada ya msimu ule alikaa na fundi wake wakaandika vitu vyote vinavyoweza kulisimamisha, akatafuta namba za spea moja moja wakati wa kiangazi, hakuna haraka, hakuna mteja anayepiga simu. Msimu uliofuata mkanda wa feni ulikatika saa nne asubuhi katikati ya shamba la mteja. Akatuma mdogo wake nyumbani na bodaboda kwenye lile boksi. Saa sita alikuwa analima.

Nawatakia msimu mwema. Kabla ya kuangalia rangi, ulizeni spea.